Mkono Mtupu Hujazwa na Wengi

Mzazi anapompeleka mwanawe kujifunza karate, aghalabu huuliza kwanza ada, kisha siku za mazoezi, kisha muda utakaompasa mtoto kuufikia mkanda mweusi. Ni maswali ya haki, wala hatumlaumu anayeyauliza. Lakini lipo swali lenye uzito kuyapita yote hayo, nalo husahauliwa: ni nani huyu tunayemkabidhi mtoto? Mkanda hununuliwa dukani. Tabia ya anayeufunga kiunoni mwa mwanafunzi ndiyo ambayo mtoto atarudi nayo nyumbani.

Wiki hii tumeona vyema tulitazame swali hilo kwa kuifuata safari ya mwanafunzi mmoja, Gichin Funakoshi, aliyezaliwa mwaka 1868 mjini Shuri, katika kisiwa cha Okinawa, kusini mwa Japani. Wengi humwita baba wa karate ya kisasa. Tumemchagua kwa sababu alipoandika kumbukumbu zake uzeeni, hakusimulia ushujaa wake peke yake, bali aliwataja kwa heshima waliomlea na kumfunza.

Alikuwa mtoto dhaifu, mwenye maradhi ya mara kwa mara, na wazee wake hawakutaraji angeishi maisha marefu. Katika shule ya msingi alifanya urafiki na mwanafunzi mwenzake, na baba wa rafiki huyo alikuwa Anko Asato, mmoja wa mabingwa wakubwa wa karate kisiwani. Basi mlango wa safari ndefu ulifunguliwa na urafiki wa watoto wawili darasani. Tunalitaja hili mapema kwa sababu wazazi huchagua shule kwa makini, kisha husahau kuuliza mtoto anakaa na nani.

Zama hizo karate ilifundishwa kwa siri, na mazoezi yalifanywa usiku. Kijana alikwenda nyumbani kwa mwalimu, akasimama uani, naye Asato akaketi barazani akimtazama. Kazi ilikuwa ni kata moja, yaani mfululizo wa miondoko uliopangwa, kuurudia usiku baada ya usiku, wiki baada ya wiki, na pengine mwezi baada ya mwezi. Mwalimu hakuwa na maneno mengi: rudia, bado kidogo. Sifa ilikuwa adimu. Mwanafunzi hakuruhusiwa kuanza kata nyingine mpaka mwalimu aridhike, na mwenyewe alikiri kwamba jambo hilo lilimkera na kumvunja moyo. Alfajiri, alipokuwa akirudi kwao amechoka, baadhi ya majirani walimdhania mabaya, wakaona kijana huyu anatoka kwenye starehe za usiku. Hakuweza kujitetea, maana siri haikuwa yake peke yake.

Subira haifundishwi kwa hotuba. Hufundishwa na mtu mzima ambaye naye yuko tayari kukesha. Aliyemwambia kijana arudie mara ya mia ndiye aliyekaa barazani akaitazama mara hiyo ya mia.

Asato alikuwa na rafiki yake, Anko Itosu, bingwa mwingine wa Shuri, na kijana akawa mwanafunzi wa wote wawili. Kwa Itosu alitumia takriban miaka 10 kwa kata tatu tu. Lakini linalotustaajabisha zaidi ya hesabu hiyo ni kwamba walimu hawa hawakuoneana wivu. Wakati mwingine walikaa pamoja kumtazama mwanafunzi huyo huyo mmoja. Zaidi ya hayo, walimtambulisha kwa mabingwa wengine, wakamhimiza achukue kwa kila mmoja lile alilobobea. Hawakumwona kijana kuwa ni mali yao.

Hiki ndicho kipimo ambacho tungependa kila mzazi awe nacho. Mwalimu anayekitakia heri kipaji cha mtoto humwambia: kwa hili mimi nimefika hapa, nenda kwa fulani akuongezee. Anayemkataza mwanafunzi kujifunza pengine, anayewatukana walimu wenziwe mbele ya watoto, anayedai utiifu unaopita hata ule wa wazazi, huyo anajijenga mwenyewe kwa mgongo wa mtoto wa mwenziwe.

Kuna na jambo la pili alilolifanya Itosu, nalo lina manufaa makubwa kwetu. Yeye ndiye aliyeitoa karate kwenye giza la usiku akaipeleka shuleni. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilianza kufundishwa katika shule za Okinawa, mchana, mbele ya watu. Alitunga kata nyepesi zinazowafaa wanaoanza, na mwaka 1908 akaiandikia idara ya elimu barua yenye nasaha kumi kuhusu namna ya kuifundisha. Siri ilikuwa na sababu zake katika zama zake. Alipoona hazipo tena, akafungua mlango. Hivyo leo, mwalimu anayewazuia wazazi kukaa pembeni kutazama, anayempangia mtoto mazoezi ya faragha saa zisizojulikana, au anayemwambia mtoto kwamba mambo ya ukumbini yasifike nyumbani, hana udhuru wa mila. Mzazi na amwondoe mwanawe siku hiyo hiyo, asingoje ushahidi.

Tukiwataja walimu tukanyamaza hapo, tutakuwa tumewadhulumu wengine. Funakoshi alikuwa mwalimu wa shule mwenye mshahara mdogo na nyumba yenye watu wapatao kumi. Aliyeibeba nyumba hiyo ni mkewe. Alilima mboga, alifuma nguo, na hakumwambia mumewe aache mazoezi akatafute kazi ya ziada. Bali alimhimiza aendelee. Yeye mwenyewe alizijua kata kwa kuzitazama na kuzifanya, na uchovu ulipomzidi alizifanya ili kuunyoosha mwili. Majirani walipogombana, mara nyingi walimwita yeye awapatanishe. Sisi tunaona kwamba mwanamke huyu aliyefahamu namna ya kuzima ugomvi kwa maneno alikuwa ameifahamu karate kuliko wengi wanaovunja mbao.

Mwaka 1922 Funakoshi, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 50, alikwenda Tokyo kuonyesha karate kwa mara ya kwanza mbele ya hadhara ya mji huo. Alikusudia kurudi upesi. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, mtu mwenye jina kubwa, angeweza kumwona mshindani. Badala yake alimwalika kwenye ukumbi wake, akamtaka awaonyeshe wanafunzi wake. Funakoshi akabaki Tokyo. Alipata chumba kidogo katika bweni la wanafunzi kutoka Okinawa, na ili alipie makazi alifagia, alitunza bustani na kulinda lango. Alimfundisha karate hata mpishi wa bweni, naye mpishi akampunguzia bei ya chakula. Siku moja mwandishi wa habari alifika akamkuta mzee anafagia, akamwuliza alipo mwalimu Funakoshi. Mzee akaondoka, akabadili nguo, akarudi kujitambulisha, na mgeni akabaki ameduwaa.

Mwanafunzi aliyesomeshwa na watu wanyenyekevu haoni aibu ya ufagio. Aliyekuzwa na mwalimu wa majigambo, hata akipewa mikanda kumi, ataona haya kushika fagio kwao, na mama yake ndiye atakayekuwa wa kwanza kuonja kiburi hicho.

Liko pia suala la kuinama. Ni desturi katika karate mwanafunzi kumwinamia mwalimu na mwenzake, na wazazi wengi wa Kiislamu hulifikiria jambo hilo kwa wasiwasi. Hukumu yake aulizwe mwenye elimu, si sisi. Tunachoshauri ni kwamba mzazi alizungumze na mwalimu uso kwa uso siku ya kwanza, pamoja na nyakati za sala na mavazi ya binti, kabla ya kulipa chochote. Mwalimu muungwana atasikiliza, na heshima ina njia nyingi za kuonyeshwa. Mwalimu atakayecheka au kughadhibika atakuwa amekwisha kumjibu mzazi lile swali tulilolianza nalo.

Karate, kwa maandishi yanayotumika leo, maana yake ni mkono mtupu. Waswahili husema mkono mtupu haulambwi, na kwa hakika wa Funakoshi haukuwa mtupu: ulijazwa na rafiki wa darasani, mabingwa wawili wasiooneana wivu, mke mvumilivu, mwasisi wa mchezo mwingine na mpishi wa bweni. Kwa hiyo, mtoto wako atakapoletewa mkanda mpya, kabla ya kupigwa picha, mwambie awataje waliomfikisha hapo. Asiishie kwa mwalimu. Amtaje kaka anayemsindikiza jioni, dada anayemfulia sare, nyanya anayemwekea chakula akichelewa, na mwenzake wa mazoezi anayekubali kuangushwa ili yeye ajifunze kuangusha. Kisha aende akamshukuru kila mmoja kwa mdomo wake.