NYUMBANI MWETU: Kelele Isiyoalikwa Katika Nyimbo Zetu



Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo linalowasumbua wengi wanaorekodi nyimbo nyumbani, nalo ni mvumo na mikwaruzo inayoingia pamoja na sauti ya mwimbaji, wala haikualikwa. Zamani kwaya iliyotaka kusikika mbali haikuwa na budi kwenda studio. Redio Sauti ya Injili ya Addis Ababa, iliyotangaza tangu mwaka wa 1963 hata serikali ya Ethiopia ilipoitwaa mwaka wa 1977, ilikuwa ikipelekewa vipindi vya Kiswahili kutoka studio ya hapa Moshi. Leo kompyuta moja, maikrofoni moja na kisanduku kidogo cha kuingizia sauti, ambacho mafundi hukiita saundi kadi, vyatosha kuifanya sebule kuwa studio. Lakini sebule haikujengwa kwa kazi hiyo, na hapo ndipo taabu huanza.

Wako watu ambao wakisikia kelele hukimbilia dukani kununua maikrofoni nyingine. Hivyo fedha ya ada ya mtoto yaweza kupotea, na mvumo ukabaki ule ule. Maana kila kelele ina mahali itokapo, na mahali penyewe ni patatu: hewani, katika umeme na nyaya, au katika vipimo tulivyoviweka kwa mikono yetu. Yatupasa kwanza kujua ni wapi, ndipo tutoe fedha.

Jaribio la kwanza halina gharama. Waambieni watu wote wanyamaze, mrekodi kimya kwa dakika moja, kisha msikilize kwa hedifoni. Baada ya hayo punguzeni sauti ya spika, zimeni ule umeme wa volti 48 ambao saundi kadi huupeleka katika baadhi ya maikrofoni, chomoeni maikrofoni, mkarekodi tena pasipo kubadili kipimo. Kelele ikitoweka, ilikuwa ikiingia kwa njia ya maikrofoni au waya wake. Ikibaki, msiwalaumu vyura wala jirani, bali itafuteni katika umeme na vyombo.

Kwanza, kelele za hewani. Sisi wa Mabogini twazijua sana. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka wa 1987 kwa msaada wa Japani, ulitupa mifereji na majaruba ya mpunga, na penye maji hapakosi vyura. Usiku wao ndio kwaya. Mchana mashine ya kukoboa mpunga huvuma, pikipiki hupita, na mvua ikipiga bati hakuna wimbo utakaosikika. Sikio la mtu limejifunza kutoijali friji ya jikoni, lakini maikrofoni haikujifunza, nayo hupokea yote sawasawa. Basi chagueni saa ambayo mashine imefungwa na vyura hawajaanza. Zimeni feni na friji, na ufunguo wa nyumba uwekeni ndani ya friji, msije mkatoka na kuisahau nyama ikaoza. Tundikeni mablanketi na kusimamisha godoro nyuma ya mwimbaji. Lakini jueni ya kuwa vitu hivyo hupunguza mwangwi wa chumba, wala havizuii kelele ya nje. Dawa iliyo bora ni kusogea. Mwimbaji akipunguza nusu ya umbali wake na maikrofoni, sauti yake huongezeka kwa kadiri ya desibeli 6, na kelele ya chumba hubaki pale pale. Shibiri moja kutoka kinywani yatosha kwa mtu mmoja. Kwaya nzima haiwezi kusogea hivyo. Kwa hiyo kwao saa na mahali ndivyo vya kuangaliwa zaidi.

Pili, kelele za umeme. Umeme wetu hutetemeka mara 50 kwa sekunde, na mvumo wake husikika katika hesabu hiyo na vizidishe vyake, yaani 100, 150 na kuendelea. Aghalabu sababu ni kwamba kompyuta imechomekwa katika soketi moja na spika katika soketi ya ukuta mwingine, kisha waya wa sauti waviunganisha. Vyote viwili vina njia ya kwenda ardhini, na hivyo duara hufanyika ambalo mvumo huzunguka ndani yake. Chomoeni chaja, mwache kompyuta itumie betri. Mvumo ukikoma, mmempata mwizi. Basi chomekeni vyombo vyote katika ekstensheni moja, au rekodini kwa betri. Waya wa maikrofoni uwe ule wenye nyaya tatu ndani: mbili huchukua wimbo kwa namna zilizo kinyume, na kelele inayoziingia zote mbili sawasawa hufutwa mwishoni. Msiulaze sambamba na waya wa umeme. Ikiwa ni lazima vikutane, vipishane kama msalaba. Simu nazo ziwekwe mbali na kuzimwa mawasiliano, maana simu za mtindo wa GSM hurusha nguvu zake kwa vipindi vya mara 217 kwa sekunde, na ndiyo asili ya ule mlio wa drr-drr katika spika.

Hapa yatubidi kutoa onyo. Wako wanaouvunja ule mguu wa tatu wa plagi, au kusukuma kijiti katika tundu la juu la soketi ili kuingiza plagi ya miguu miwili, wakisema mvumo umepona. Ndiyo, pengine mvumo hupona, bali mtu huweza kufa. Waya ule wa ardhini ndio unaouchukua umeme chombo kinapoharibika. Ukikatwa, volti 230 zaweza kusimama katika nyuzi za gitaa au katika wavu wa maikrofoni, zikimngoja kijana aweke midomo yake. Hakuna wimbo wenye thamani ya kiasi hicho. Mkisikia mchomo mdogo mnapogusa chombo, zimeni umeme huko mlikouwashia, mkamwite fundi aipime fimbo ya ardhini. Tena kumbukeni ya kuwa udongo ukikauka wakati wa kiangazi, fimbo hiyo hufanya kazi yake kwa udhaifu zaidi.

Tatu, vipimo vyetu. Sauti ya shhh kama mvua ya mbali hutokea mara nyingi mwimbaji akiwa mbali na maikrofoni, nasi tukakifungua kipimo kupita kiasi ili kumfuata. Kinyume chake, kikizidi kwa mwimbaji aliye karibu, sauti hupasuka, wala haitengenezeki tena. Pimeni mahali penye sauti kuu kuliko zote katika wimbo, mkaache nafasi ya desibeli 12 hivi chini ya kikomo.

Mwisho kabisa ndipo zije programu za kusafisha. Audacity, ambayo haiuzwi, huweza kujifunza kelele kutoka katika sehemu ya kimya na kuipunguza. Lakini ikitumiwa kwa pupa, sauti ya mtu huwa kama ya aliyezama majini. Kadhalika kukata kila kitu kilicho chini ya mitetemo 80 huondoa ngurumo za barabarani, ila mvumo wa 100 na 150 hubaki. Na mkipanda juu zaidi mtaikata besi ya wanaume. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yafikirini haya hasa mnapowarekodi wazee. Bibi anayejua wimbo ambao binti zake hawaujui hatauimba kila siku, na pengine ataimba mara moja tu. Basi siku hiyo simu ziwe zimezimwa, kompyuta iwe katika betri, na kabla hajafungua kinywa mrekodi kimya cha nusu dakika, kiwe kipimo cha kusafishia baadaye. Tena ile nakala ya kwanza, hata ikiwa na vyura ndani yake, msiifute kamwe.