Namba Mbili Hana Kosa

Wiki ya dabi ya Aprili 2023, Simba ilishuka bei kisiwani Rukuba. Hapa siongelei jezi wala tiketi. Naongelea bei ya wachezaji wa Simba katika daftari letu, maana sisi tuna ligi ya fantasi ya daftari, na daftari hilo linatunzwa na mwenye kibanda umiza pale mwaloni.

Kwa asiyejua, mchezo ni huu. Kila mshiriki anatoa 5,000 na kuchagua wachezaji 11 wa Ligi Kuu yetu kwa bajeti ya kufikirika. Huruhusiwi kuchukua zaidi ya 3 wa timu moja. Pointi tumezinakili kutoka fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza: mchezaji akicheza dakika 60 au zaidi anapata 2, beki au kipa akimaliza bila kuruhusu bao anaongezewa 4, beki akifunga anapata 6, na kila mabao 2 wanayofungwa yanawakata pointi 1. Mwenye kibanda hupanga bei kila Ijumaa kwa kuangalia nani anagombewa na nani anauzwa. Mwaka ule tulikuwa 14, wengi wavuvi, mwalimu mmoja, na mimi niliyekuwa nimerudi nyumbani na digrii ya kwanza isiyo na ajira.

Aishi Manula alikuwa majeruhi. Golini angesimama Ally Salim, kijana ambaye wengi wetu tulimjua kwa kukaa benchi. Ijumaa ile kibandani palikuwa kama mnadani. Kila mwenye beki wa Simba alikuwa anauza. Mimi nilikuwa na Henock Inonga na Shomari Kapombe, nikawauza wote wawili, tena kwa hasara, nikachukua mabeki wa Yanga.

"Na Inonga pia unauza?" mwenye kibanda aliniuliza.

"Ondoa wote. Pale golini hakuna mtu."

Kaka yangu alikuwa ameketi nyuma kwenye benchi, anatengeneza waya wa taa ya sola ya kwenda ziwani. Akauliza bila kuinua kichwa, "Kwani Inonga naye ameumia?" Watu wakacheka. Akamwambia mwenye kibanda, "Niandikie mimi Inonga. Na huyo kipa wenu mbovu niandikie."

Jumapili, Aprili 16, Simba 2, Yanga 0. Inonga alifunga mapema kabisa kwa kichwa, Kibu Denis akaongeza la pili kabla ya mapumziko. Piga hesabu ya kaka: Inonga 2 za kucheza, 6 za bao, 4 za kutofungwa, jumla 12. Kipa wa bei ya chee, 6 kabla hujahesabu michomo aliyookoa. Mabeki wangu wa Yanga waliniletea pointi 1 kila mmoja. Giza lilikuwa limeanza, kwa hiyo baada ya filimbi ya mwisho watu walitoka moja kwa moja kwenda kusukuma mitumbwi. Kaka alipita akanigonga bega.

Tangu siku ile nimekuwa na ugomvi na msemo mmoja, na naandika hapa niumalize: "Namba moja ameumia, timu imekwisha." Nasema ni uvivu wa hesabu. Tena ni uvivu wenye madhara, kwa sababu hauishii kwenye daftari.

Anza na swali la kaka. Pointi za beki zinatoka wapi? Zinatoka kwa mabeki wenyewe kupanga mstari, kwa viungo kukata pasi, kwa washambuliaji kumkaba mwenye mpira kule juu, na kwa mpinzani kuwa butu au mkali siku hiyo. Kipa yumo, ila yupo mwisho wa foleni. Akibadilishwa yeye, wale 10 hawajabadilika. Muuzaji wa Ijumaa anafanya kama kwamba jeraha la mtu mmoja limewaingia wote 11.

Halafu kuna bei. Fantasi haikuulizi nani ni bora. Inakuuliza nani anatoa pointi nyingi kuliko pesa uliyomlipia. Kipa wa akiba anaingia kwa bei ya mtu wa benchi, nyuma ya ukuta uleule aliokuwa nao mwenye bei kubwa. Na hofu ya watu ikishusha bei ya mabeki, unapata mali ileile kwa punguzo. Kaka hakusoma uchumi. Aliona tu kwamba watu 13 wanatupa kitu kizima.

Najua mtasema nimechagua mechi moja inayonipendeza. Ni haki yenu, na mimi sasa nasoma shahada ya uzamili ya takwimu huku Dar es Salaam, kwa hiyo mechi moja haitoshi hata kwangu. Twende Uingereza, mahali ambapo fantasi inachezwa na mamilioni ya watu na kila kitu kimeandikwa.

Oktoba 2024 Alisson wa Liverpool aliumia. Caoimhin Kelleher akashika lango katika mechi 7 za ligi: Chelsea, Arsenal, Brighton, Aston Villa, Southampton, Manchester City na Newcastle. Katika kundi letu la WhatsApp wenye mabeki wa Liverpool waliwatoa. Na kwa haraka haraka walikuwa na hoja. Kabla ya hapo Liverpool ilikuwa imecheza mechi 7 na kumaliza 5 bila kuruhusu bao. Kwa Kelleher zikawa 2 tu katika 7, na kule Newcastle kosa lake la dakika za mwisho likafanya matokeo kuwa 3-3. "Si tulisema?" waliandika.

Sasa endelea kusoma, maana hapo ndipo wengi huacha. Alisson alirudi Desemba. Mechi zake 7 za kwanza za ligi: 2-2 na Fulham, 6-3 na Tottenham, 3-1 na Leicester, 5-0 na West Ham, 2-2 na Manchester United, 1-1 na Nottingham Forest, 2-0 na Brentford. Hesabu mwenyewe. Bila kuruhusu bao: 2 katika 7. Mabao ya kufungwa: 9. Rudi kwa Kelleher. Bila kuruhusu bao: 2 katika 7. Mabao ya kufungwa: 9. Mmoja ni kati ya makipa bora duniani, mwingine alikuwa msaidizi wake, na mwenye beki wa Liverpool asingeona tofauti ya hata bao moja. Na Kelleher ndiye aliyekutana na City na Arsenal.

Sidai kwamba mechi 7 zinathibitisha kuwa wawili hao wako sawa. Hawako sawa. Nadai kwamba mechi 7 hazitoshi kumhukumu yeyote, na kile kilichopungua kati ya Septemba na Novemba kilielezeka vizuri zaidi kwa kutazama ratiba kuliko kwa kutazama glavu. Liverpool ilimaliza msimu ikiwa bingwa.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Rafiki yangu aliyewahi kuishi Marekani aliniambia, "Nenda kawaambie hayo watu wa futiboli ya kule." Katika mchezo wao kuna kwotabeki, mtu ambaye karibu kila shambulizi linaanzia mikononi mwake. Mwaka 2010 Indianapolis Colts walishinda mechi 10 na kupoteza 6. Mwaka uliofuata Peyton Manning hakucheza hata mechi moja kwa sababu ya shingo, wakashinda 2 na kupoteza 14. Pale mwenye mdakaji wa Colts katika fantasi yake alikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu mdakaji hapati pointi bila mtu wa kumrushia mpira.

Nakubali. Ipo nafasi ambayo kila kitu kinapitia, na huko namba mbili akiingia thamani ya wengine hutikisika kweli. Lakini hiyo inatudai tuulize kwanza: je, nafasi hii ndiyo hiyo? Kipa siye. Na hata huko kwa kina kwotabeki, Tom Brady aliingia mwaka 2001 baada ya Drew Bledsoe kuumia, na msimu ule ukaisha na ubingwa. Nick Foles alishika nafasi ya Carson Wentz, na Februari 2018 Philadelphia Eagles wakawafunga New England Patriots 41-33 kwenye fainali. Anayeuza kabla ya kutazama hajafanya hesabu hata pale ambapo hofu ina sababu.

Ubaya wa pili ni kwamba hofu hii ina pacha wake. Novemba 5, 2023 Manula alirudi golini, tena kwenye dabi, baada ya miezi mingi ya kuuguza jeraha. Miezi mitatu tu nyuma yake, Agosti, Ally Salim alikuwa amepangua penalti 3 za Yanga kule Mkwakwani, Tanga, Simba ikachukua Ngao ya Jamii. Nilikuwa Dar tayari, lakini daftari bado nashiriki kwa simu. Ijumaa ile bei ya mabeki wa Simba ilipanda, mwenye kibanda akaniambia hajawahi kuona. "Namba moja amerudi!" Matokeo ni Yanga 5, Simba 1. Beki wa Simba aliyecheza mechi nzima alipata 2 za kucheza, akakatwa 2 za mabao. Sifuri.

Tafadhali, mtu asinielewe kwamba nambebesha Manula yale mabao 5. Hiyo ingekuwa dhambi ileile niliyokuja kuilaani. Yanga ile ya Aziz Ki, Pacôme na Max Nzengeli ingemfunga kipa yeyote jioni ile. Ninachosema ni kwamba waliopandisha bei Novemba ndio walioishusha Aprili, na mara zote mbili walikuwa wanatazama jina mgongoni mwa kipa.

Ningeishia hapo kama ingekuwa mpira tu.

Mzee wetu ni nahodha wa mtumbwi wa dagaa. Wanaenda watu 4: yeye, kaka, na mabaharia wawili. Kaka amekuwa wa pili wake kwa miaka 11. Ndiye anayetega taa, anayesoma upepo wakati mzee amesinzia, anayejua pa kukimbilia mawimbi yakichafuka. Mwaka 2024 mzee alifanyiwa upasuaji wa henia huko Musoma, siku chache kabla ya giza kuanza. Jioni hiyohiyo mabaharia wawili walihamia mtumbwi mwingine. Kaka hakuwa amekosea usiku hata mmoja. Hakuwa amepewa hata usiku mmoja wa kukosea.

Mama alinipigia. Mimi ndiye msomi, mtu wa takwimu. Nilimwambia, "Mama, kodisheni injini kwanza, msubiri mzee apone. Kaka hajawahi kuongoza peke yake."

Simu ilikuwa kwenye spika. Hilo nililijua baadaye.

Giza lile lilipita, zaidi ya wiki mbili, mtumbwi wetu umelala mchangani, taa zimewekwa ndani. Hatukupoteza kwa sababu namba mbili alishindwa kazi. Tulipoteza kwa sababu sisi wote, mabaharia wawili na mimi, tuliuza kabla ya mechi. Na mtumbwi usio na mabaharia hauendi ziwani hata ukiwa na nahodha bora wa Musoma Vijijini. Hivyo ndivyo utabiri wa "timu imekwisha" unavyojitimiza: watu wanaondoka, kazi inasimama, kisha wanasema waliona mbali.

Giza lililofuata mzee alikuwa bado hawezi kuvuta kamba. Kaka akapata vijana wawili wapya, wakaenda. Usiku mwingine walirudi na ndoo nyingi, mwingine chache, mwingine walirudi mapema kwa sababu ya upepo. Kama mzee. Nimezitazama hesabu za mama za kipindi kile, na nikikufichia tarehe huwezi kujua nani alikuwa nahodha.

Mzee alipotangaza yuko tayari, wale mabaharia wawili walirudi siku hiyohiyo. Akawapokea, maana ndiyo desturi. Kaka akarudi kwenye taa zake.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema namba moja ameumia na timu imekwisha, muulize kaka alichouliza: kwani wengine nao wameumia? Muulize na bei: mnauza shilingi ngapi, na kwa ushahidi gani? Akishindwa kujibu, mnunue anayemtupa.

Kaka hajawahi kunitajia ile simu. Likizo iliyopita tulikuwa tumekaa mwaloni tunaanika dagaa, akaniuliza tu, "Hivi yule Inonga ulimuuza bei gani?"

Nikamtajia. Akaendelea kuanika.