Usiku wa Kuagana Ugenini



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo kila aliyepata kusafiri amelipitia, lakini ni wachache wanaolifikiri. Nalo ni ule usiku wa mwisho ambao msafiri hukaa na marafiki aliowapata huko huko ugenini, hali ya kuwa alfajiri ataondoka, na huenda wasionane tena mpaka Siku ya Kiyama.

Urafiki wa safari una ajabu yake. Watu hawakujuana kwa ukoo wala kwa mtaa. Wamekutanishwa na hema moja la Mina, au na nyumba ya wageni huko India ambako kila mmoja amempeleka mgonjwa wake kutibiwa, au na kazi ya miezi michache huko Maskati. Kwa siku 10 au 20 wamekula sahani moja, wameuguzana, wameamshana kwa sala. Jirani aliyekaa ukuta mmoja nawe kwa miaka 20 huenda asikujue kama alivyokujua huyu wa siku 20. Maulamaa wamesema kwamba hata neno lenyewe la Kiarabu, safar, lina maana ya kufunua, kwa kuwa safari hufunua tabia za watu.

Basi ufikapo usiku wa mwisho, nyoyo hulainika. Watu hukaa mpaka usiku mkuu. Chai huletwa, hupigwa picha, hupeanwa namba za simu, na huahidiana mambo makubwa makubwa: "Nitakuja kwenu mwakani", "Mwanangu ni mwanao", "Nitakutafutia dawa ile nikuletee". Yote haya ni mazuri. Lakini sisi twaona kwamba usiku ule una haki zake, na aliye mwungwana huzitimiza haki hizo kwanza, kisha ndipo anapokunywa chai yake kwa raha.

Tukitazama mafunzo ya Mtume wetu (s.a.w.) twaona kwamba alipokuwa akimuaga msafiri, alimwekesha kwa Mwenyezi Mungu vitu vitatu: dini yake, amana yake, na mwisho wa amali zake. Dini twaielewa, kwani safari ina taabu na mtu huweza kuzembea ibada zake. Mwisho wa amali nao twauelewa, kwa sababu jambo hutazamwa linavyomalizika. Ama amana, wengi huipita bila ya kuifikiri. Kwa nini amana ikatajwa wakati wa kuagana? Kwa sababu hapana mtu anayetoka mahali mikono mitupu. Hata asipochukua mzigo wowote, huondoka na haki za watu: deni, ahadi, salamu, na siri.

Tuanze na deni. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikwenda kuhiji. Huko Makka akapoteza mfuko wake wa fedha katika msongamano wa watu. Mtu wa Sudani waliyekuwa wakipanga nyumba moja akamkopesha riali 300, bila ya shahidi wala karatasi. Walikaa pamoja kwa mapenzi makubwa. Usiku wa mwisho wakazungumza kila jambo ila deni lile, kwani mzee aliona haya kulitaja na yule mkopeshaji aliona haya zaidi. Kabla ya alfajiri gari likaja, watu wakaitwa, mizigo ikapakiwa, kila mmoja akaenda zake. Mzee aliporudi nyumbani na kupata fedha, hakujua azipeleke wapi. Alijua tu kwamba yule mtu jina lake ni Muhammad na kwao ni Sudani. Na akina Muhammad wa Sudani ni nani awezaye kuwahesabu? Kila mwaka aliwaagiza mahujaji wamuulizie. Alipofariki, deni lile lilikuwa limeandikwa katika wasia wake, na watoto wake wakaja kutuuliza wafanye nini.

Jawabu waliyoitoa wengi katika maulamaa ni kwamba mwenye haki atafutwe kwa juhudi ya kweli. Ikikatika tamaa ya kumpata, haki yake hutolewa sadaka kwa nia yake yeye. Na kama siku moja atatokea, huhiarishwa: akitaka huridhia thawabu za sadaka ile, na akitaka hulipwa mali yake. Watoto wale walifanya hivyo. Lakini ndugu msomaji, tazama uzito ambao mzee yule aliuchukua miaka yote, na ambao maneno ya dakika mbili yangeliuondoa: "Ndugu yangu, nina riali zako 300. Niandikie jina lako kamili, la baba yako, na mji wenu." Kuona haya ni katika imani, lakini haya inayozuia haki ya mtu si haya, ni udhaifu.

Na kwa mahujaji kuna sababu nyingine ya kufanya hesabu mapema. Tawafu ya kuaga ndiyo inayotakiwa iwe jambo la mwisho la haji pale Makka. Akishatufu hushika njia, wala hakai tena kwa mazungumzo na mambo yasiyokuwa ya safari. Kwa hiyo kulipana, kurudishiana vitu, na kutakana radhi, mahali pake ni kabla ya tawafu ile, si baada yake.

Haki ya pili ni ahadi na salamu. Wahenga wetu wamesema, ahadi ni deni; na msafiri huahidi kwa wepesi kwa sababu moyo umejaa. Hapa twapenda kuwakumbusha habari ya Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri wa Moroko, aliyetoka kwao Tangier mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21. Alipofika Iskandaria, katika nchi ya Misri, mwaka 1326, alikuwa mgeni wa shehe mmoja mcha Mungu aitwaye Burhanuddin kwa siku tatu. Shehe yule akamtambua kwamba ni mtu apendaye kutembea, akamwambia kwamba, inshaallah, atawazuru ndugu zake watatu, mmoja India, mmoja Sind, na mmoja Uchina, na awafikishie salamu zake. Kijana alistaajabu, kwani nchi hizo za mbali hazikuwa katika fikira zake. Siku ya kuagana shehe akampa na fedha za njiani.

Ibn Battuta amesimulia katika kitabu chake, kilichomalizika kuandikwa mwaka 1355, kwamba hakuacha kutembea mpaka alipowakuta wote watatu na kuwafikishia salamu zile. Na zile fedha alizihifadhi wala hakuhitaji kuzitumia, mpaka alipokuja kunyang'anywa huko India pamoja na vitu vyake vingine.

Fikirini, ndugu zangu. Salamu za mtu aliyekaa naye siku tatu tu alizichukua kifuani kwa miaka mingi, akavuka nazo bahari na majangwa, hana barua wala waya. Sisi leo tuna simu mfukoni, na salamu za kumfikia mtu kwa dakika moja huzisahau kabla ya kufungua masanduku yetu. Si kwamba hatuna njia. Ni kwamba tuliahidi kumi ilhali twaweza moja. Basi usiku ule ahidi kidogo. Na "inshaallah" isiwe neno la kukwepea, bali liwe la mtu aliyekwisha kazimia moyoni mwake kutenda.

Haki ya tatu ni siri, na hii ndiyo inayopotezwa zaidi. Usiku wa mwisho watu husema yale ambayo hawajapata kumwambia hata ndugu wa tumbo moja. Mwanamke humweleza mwenzake wa chumba namna anavyoishi na mumewe. Mwanamume humweleza sahibu yake kwamba amefilisika na nyumbani kwake hawajui. Husema kwa sababu wadhani kwamba maneno yale yatabaki kule kule. Je, ni halali kwetu kuyafanya maneno hayo mazungumzo ya barazani tukirudi? Ati kwa kuwa mwenyewe yuko mbali na hatasikia? Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba mtu akikueleza jambo huku akigeuka kutazama kama yuko anayesikia, basi maneno yale ni amana. Umbali wa nchi hauiondoi amana. Kadhalika picha ya mama wa watu, iliyopigwa chumbani kwa furaha ya kuagana, isitembezwe kwa watu asiowajua.

Ama ya kusimulia yapo, nayo ni mema ya wenyeji. Huyo huyo Ibn Battuta alifika pwani yetu mwaka 1331, na katika kisiwa cha Mombasa alilala usiku mmoja tu. Usiku wake wa kwanza ndio uliokuwa wa mwisho. Lakini aliondoka na ushahidi mwema: kwamba watu wake ni wacha Mungu na watu wa heshima, na misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa madhubuti. Akaeleza hata visima vya mlangoni mwa misikiti, na jinsi watu walivyokuwa wakiosha miguu na kuipangusa kwa mkeka kabla ya kuingia. Karibu miaka 700 imepita, na sisi twaujua usafi wa wazee wale kwa ulimi wa mgeni wa usiku mmoja. Mgeni akiondoka, heshima ya mwenyeji huenda naye.

Na tusimsahau mwenyeji katika mfuko wake. Twajua kwamba ugeni ni siku tatu, na kwamba mgeni hakuruhusiwa kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Wapo wanaokopa ili mgeni aagwe kwa biriani. Ukiona mwenyeji wako si mtu wa wasaa, mwambie mapema kwamba karamu uipendayo ni chai na mkate na kukaa naye. Kumpunguzia gharama ni hadiya pia, wala haihitaji kubebwa.

Basi mzazi anayemsafirisha mwanawe, au mke anayemfungia mumewe mizigo, na amkumbushe maneno haya pamoja na kumkumbusha pasi na dawa zake. Usiku wa kuagana, kabla ya chai, lipa ulichokopa au andika jina la mwenye haki. Rudisha ulichoazima, hata ikiwa ni sindano. Taka radhi kwa uliyemkosea na usamehe uliyekosewa. Pokea salamu utakazoweza kuzifikisha. Na uliyoambiwa kwa siri yafunge moyoni. Ukiyafanya hayo, hata msipoonana tena duniani mtakuwa mmeagana kwa wema, na hapatakuwa na mmoja wenu anayemdai mwenzake mbele ya Mola wake.

Mwenyezi Mungu awarudishe salama wasafiri wetu wote, na awalipe kheri wale waliowakaribisha. Amin.