Saa mbili za mama anyonyeshaye



Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa wa Tanzania likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua mapacha. Wataalamu wa afya nao huelekeza mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Mama arejeapo kazini, basi, zaidi ya nusu ya muda huo ingali mbele yake.

Sheria hiyo hiyo yamtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe katika saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Lakini zamfaa nini mwalimu akaaye Mbagala na kufundisha Kariakoo? Zitaishia njiani. Ndipo mama hukamua maziwa chooni, kwa haraka na kwa hofu, au huyaacha yakauke. Wenzetu wa Kenya, katika Sheria ya Afya ya 2017, wamewaagiza waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea penye maji, kiti na jokofu, na pasiwe msalani.

Naandika haya nikiwa katibu wa kamati ya msikiti, na maneno haya yatuelekee sisi kwanza, kwani nasi ni waajiri. Walimu wengi wa chekechea zetu ni akina mama. Suratul Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kuitimiza; twaisoma kama habari ya nyumbani tu, ilhali mama huyo yumo katika orodha yetu ya mishahara. Mtume (SAW) alikuwa akiifupisha swala asikiapo kilio cha mtoto, kwa kuchelea kumtaabisha mamaye. Ikiwa swala ilifupishwa, kipindi cha hesabu hakiwezi kusogezwa?

Wapo wasemao kuwa fedha hakuna. Chahitajika chumba chenye mlango unaofungika, pazia, kiti chenye egemeo, maji na sabuni. Maziwa yaliyokamuliwa katika chombo safi hukaa jokofuni hadi siku 4. Nje ya jokofu ni saa 4, na katika joto letu la Dar es Salaam ni pungufu ya hapo. Jokofu la soda za wageni wa kamati, alhamdulillahi, tayari tunalo.

Jambo hili nimeliweka ajenda ya pili ya kikao kijacho, baada ya paa linalovuja. Walimu wawili wamealikwa, waje waseme wenyewe ni saa zipi ziwafaazo.