Diski nyingi si nakala ya akiba

Vyama vingi vya akiba na mikopo siku hizi hutunza hesabu za wanachama kwenye kompyuta, na wauza mitambo huwajia na neno RAID. Wanachama wasilipitishe kabla ya kuuliza maana yake.

Chimbuko lake ni andiko la mwaka 1988 la Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: badala ya diski moja ya bei kubwa, unganisha kadhaa za bei nafuu zifanye kazi kama moja. RAID 1 huandika kila kitu kwenye diski mbili. RAID 5 hutaka diski tatu au zaidi; ikifa moja, yaliyokuwamo hukokotolewa kutoka zilizobaki. Zikifa mbili, yote yamepotea. RAID 6 huhimili vifo viwili. RAID 0, licha ya jina, haina kinga yoyote.

Lakini karani akifuta marejesho ya mkopo kwa makosa, yanafutika kwenye diski zote papo hapo. Moto nao hauchagui, wala mwizi. Hivyo, kabla mkutano mkuu haujaidhinisha ununuzi, kamati ieleze nakala ya akiba itatunzwa wapi nje ya jengo hilo, na nani atakuwa akijaribu kuifungua kila mwezi.