Aliyemchonga Askari, na wapagazi wetu

Msomaji wa Kigoma ukishuka treni Dar es Salaam, huenda umewahi kuipita ile Sanamu ya Askari pale Samora, bunduki mbele, nawe unawahi daladala. Askari tunamjua. Aliyemchonga hatajwi sana: James Alexander Stevenson, Mwingereza aliyezitia kazi zake sahihi ya Myrander.

Pale pale Wajerumani walikuwa wamemsimamisha gavana wao, Hermann von Wissmann. Waingereza walipoingia mwaka 1916 wakamng'oa. Askari wa Stevenson akazinduliwa 1927, mwaka uleule meli yetu, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe, iliporudi kazini ikiitwa Liemba.

Stevenson alifanya pia sanamu za Mombasa na Nairobi. Mimi ya Nairobi ndiyo naipenda zaidi. Imezinduliwa 1928, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi, amesimama sawa na wenye bunduki. Kwa mchongaji wa enzi za ukoloni, hilo si dogo.

Nasema hivyo kwa sababu ya kazi yangu ya habari za afya. Ukiuliza vita ile iliwaua vipi wapagazi, jibu si risasi. Ni kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Watu waliozoea ndizi au wali walipewa unga wa mahindi, mara nyingi wakaula haujaiva vizuri kwa kukosa muda na kuni, matumbo yakaharibika. Kisha mzigo kichwani, mvua, na kulala chini. Kwa upande wa Waingereza pekee, hesabu rasmi ilipita vifo 40,000, na wanahistoria wengi wanaiona ndogo.

Huku kwetu walioingia ni Wabelgiji. Waliichukua Kigoma mwaka 1916, wakakaa hadi 1921, na jeshi lao nalo lilitembea kwa migongo ya wapagazi. Ujiji tunawaonyesha wageni jiwe la Livingstone na Stanley, nao pia, tusisahau, hawakufika pale na mizigo yao mikononi.

Sanamu ya Nairobi haina jina la mpagazi hata mmoja. Kama kwenu yupo bibi au babu anayekumbuka nani wa ukoo alichukuliwa, mwulize jioni hii, na umwulize pia alirudi akiumwa nini.