Tamthilia si Mali ya Mtihani

Vikundi vya maigizo vinapokaa kupanga msimu mpya, kuna kauli ambayo haikosi kutolewa: tamthilia ya Kiswahili haina watazamaji isipokuwa iwe kitabu teule cha mtihani wa shule. Anayeitoa mara nyingi anaipenda lugha, ila ana kodi ya ukumbi ya kulipa. Basi ratiba inatoka ileile ya mwaka jana. Jioni za wikendi zinapewa vichekesho vya Kiingereza. Kiswahili kinapewa asubuhi za siku za shule, mbele ya wanafunzi wa kidato cha nne walioletwa kwa basi.

Kauli hiyo ni ya uongo, na nitaendelea kuipinga hadi watayarishaji waache kuitumia kama kisingizio.

Tuanze na historia. Katika Dar es Salaam ya miaka ya 1980 na 1990, vikundi kama Muungano, Mandela na baadaye TOT viliingiza watu kwenye baa na kumbi za starehe kwa ngoma, sarakasi, taarabu, vichekesho na maigizo ya Kiswahili. Watu walitoa kiingilio mfukoni mwao na wakakaa hadi usiku. Kenya nako, vizazi vizima vilikua vikitazama Vitimbi na Vioja Mahakamani kwenye televisheni. Mwaka 1977, wakulima na vibarua wa Kamirithu, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii kwa Kikuyu, lugha ya nyumbani kwao. Umma ulifurika mpaka serikali ikafuta kibali, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe wa wazi ukabomolewa. Serikali haihangaiki kubomoa ukumbi usio na watu.

Sasa tuutazame huo mtihani tunaoambiwa ndio mwokozi. Sikatai kwamba vitabu teule vimewalisha waigizaji wengi, na si haki kumbeza mtu anayetafuta riziki kwa kazi halali. Lakini tuone tamthilia inafanywa nini humo. Bwalo la shule halina taa za jukwaa. Waigizaji watano wanagawana wahusika wote. Mwongozaji hathubutu kufupisha wala kubuni, kwa sababu mwigizaji akiruka sentensi mwalimu ananung'unika: sentensi hiyo huenda ikaja kama dondoo kwenye karatasi ya tatu ya mtihani. Mwanafunzi naye ameinamia daftari, anaandika sifa za wahusika na maudhui. Kicheko kinakuja kimechelewa, kwa kuwa kila mtu anajua kitakachofuata. Mtihani ukiisha, kijana huyo anaondoka akiamini kwamba tamthilia ya Kiswahili ni sehemu ya shule, na shule ameimaliza. Tunamfukuza mtazamaji wetu wa kesho, kisha tunalalamika kwamba haji.

Kuna hasara kubwa zaidi. Tamthilia inapotolewa kwenye orodha ya mtihani, inatoweka jukwaani siku hiyohiyo. Chukua Mstahiki Meya ya Timothy Arege, inayosimulia mji ambao wafanyakazi wake wanagoma huku kiongozi akijinufaisha. Kati ya Desemba 2016 na Machi 2017, madaktari wa hospitali za umma nchini Kenya waligoma kwa siku 100. Wakati huo tamthilia hii ilikuwa mikononi mwa watahiniwa, wakiisoma kwa ajili ya alama. Haukupita muda, nafasi yake ikachukuliwa na Kigogo ya Pauline Kea. Waliostahili kuitazama Mstahiki Meya ni watu wazima, wale waliokuwa na mgonjwa nyumbani na kadi ya kura mfukoni. Hao hawakualikwa. Hili linaniuma, maana kazi ilikuwepo, waigizaji walikuwepo na mistari walishaikariri.

Wala tusidanganyane kwamba hakuna cha kuigiza nje ya orodha ya mtihani wa Kenya. Kwenye Ukingo wa Thim ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1988, ilichochewa na kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, mjane na ukoo wakivutana mahakamani Nairobi kwa miezi. Ni familia gani ya Kenya isiyoujua ugomvi huo, kwamba marehemu azikwe wapi na nani mwenye usemi? Nguzo Mama ya Penina Muhando, ya mwaka 1982, inawaleta jukwaani wanawake wanaojaribu kusimamisha nguzo isiyosimama. Ipelekwe kwa wanachama wa chama chochote, uone kama watasinzia! Natala ya Kithaka wa Mberia ina mwanamke anayekataa kurithiwa. Hizi zinahitaji ukumbi, taa na mwongozaji asiyeogopa kuzigusa upya.

Hapo nitaambiwa: tulijaribu, watu hawakuja. Mlijaribu vipi? Onyesho linaanza jioni ya Ijumaa, barabara zimefungana na nauli ya matatu imepanda, kisha linafungwa Jumapili. Habari zikifika mtaani Kayole, seti imeshavunjwa. Bango limeandikwa kwa Kiingereza kutangaza mchezo wa Kiswahili. Kiingilio ni kilekile cha watu wenye magari. Kushindwa huko ni kwa mipango, na lugha ndiyo inayobebeshwa lawama. Ukumbi wa viti mia hauhitaji taifa zima. Unahitaji watu mia kwa onyesho moja, na watu mia hupatikana pale aliyefurahi wiki hii anapopata wiki ijayo ya kumleta dada yake.

Kwa hiyo ninawaomba nyinyi mnaoandika ratiba ya msimu ujao: chagueni tamthilia moja ya Kiswahili isiyo kwenye orodha hiyo ya mtihani. Ipeni mazoezi sawa na mnayoyapa michezo ya Kiingereza. Ichezeni wikendi tatu mfululizo, Jumapili saa tisa alasiri, watu wametoka kanisani na usafiri ni nafuu. Bandikeni matangazo kwa Kiswahili sokoni, kwenye saluni na steji za matatu. Nawe msomaji, bango hilo ukiliona, nunua tiketi mbili, na hiyo ya pili umpe mtu ambaye hajaingia ukumbini tangu amalize shule.